Pampu ya bwawa la kuogelea: punguza kasi, ongeza saa

Pampu inayoendeshwa kwa kasi ya juu mchana kutwa hutumia umeme mwingi kushindana na msuguano ndani ya mabomba na chujio. Ukipunguza mzunguko wa mota kwa nusu, maji yanayopita hupungua kwa nusu, ila nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane.

Chukua bwawa la lita 60,000 na pampu inayosukuma lita 15,000 kwa saa ikila wati 1,200. Kuyazungusha maji yote mara moja huchukua saa 4, yaani uniti 4.8. Kwa nusu ya kasi zitahitajika saa 8. Hesabu tupu inatoa wati 150, lakini mota hupoteza ufanisi ikienda polepole, basi tuseme 200: uniti 1.6. Maji ni yale yale, umeme ni theluthi.

Kasi inayofaa hupatikana kwenye bwawa lenyewe. Safisha chujio na kikapu cha pampu, kisha washa kwa kasi ya juu hadi hewa yote itoke. Teremsha kasi kwa hatua za mizunguko 200 kwa dakika, na kila hatua subiri dakika kumi, utazame. Je, jani linaloelea bado linavutwa kwenye skima, yaani mdomo wa ukingoni mwa bwawa unaonasa takataka za juu ya maji? Je, kifaa cha kutengeneza klorini kutokana na chumvi, au kipasha maji, bado kinafanya kazi? Vifaa hivi hujizima maji yanayopita yakipungua. Kimoja kikigoma, rudi hatua moja juu. Hapo ndipo pako. Mabwawa mengi ya nyumbani huangukia kati ya mizunguko 1,200 na 1,800 kwa dakika.

Kuosha chujio la mchanga kwa kurudisha maji nyuma kunahitaji kasi ya juu, la sivyo mchanga hautanyanyuka na uchafu utabaki ndani. Paneli za kupasha maji zilizo juu ya paa nazo hudai kasi zaidi.

Geji ya presha huwapotosha wengi: kwa kasi ndogo inasoma chini hata chujio likiwa limeziba. Isome kila mara kwa kasi ile ile uliyoiandika chujio lilipokuwa safi.

Na tafadhali, usifunge kidhibiti kasi kwenye mota ya kawaida ya fezi moja yenye kapasita. Itapata moto na kuungua. Nunua pampu iliyoundwa kubadili kasi.