Age of Empires: vita vya watu wanane kwenye waya mwembamba

Watu wengi wakisikia injini ya gemu, yaani programu ya ndani inayoiendesha, wanafikiria picha tu, maji yanavyong'aa, moshi, majumba yanavyoporomoka. Mimi naandika kodi (code) za programu za mtandao hapa Malindi na kwangu mimi injini ya gemu ya vita ni swali moja: utawawekaje watu wanane kwenye vita moja, kila mtu na jeshi lake, na waya wenyewe wa mtandao ni mwembamba? Jibu zuri kuliko yote nilosoma ni la Ensemble Studios, wale jamaa wa Dallas kule Marekani walotengeneza Age of Empires, injini yao inaitwa Genie.

Tuanze na zama zenyewe. Dune II ilitoka 1992 na ndo iliyoweka umbo la gemu hizi, unachuma mali, unajenga, unatuma jeshi, hakuna kungojeana zamu, lakini ilikuwa ya mtu na mashine yake. Ikaja Warcraft 1994, Command & Conquer 1995, watu wakaanza kuungana. Age of Empires ikatoka 1997, na mashine waliyoilenga ilikuwa Pentium ya megahetzi 90, memori megabaiti 16, modemu (kile kifaa cha kuingia mtandaoni kwa laini ya simu) ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Piga hesabu hapo: modemu hiyo inapitisha kama baiti 3,600 kwa sekunde, picha moja ya WhatsApp ya kilobaiti 100 ingekaa karibu nusu dakika ikishuka. Na wao wanataka mji wa Kigiriki unapigwa na manjaniki na wapiga mishale upande mmoja na merikebu zinaushambulia kutoka baharini upande wa pili, wote kwa pamoja!

Wakahesabu, wakituma habari za kila askari, yuko wapi, anaelekea wapi, ameumia kiasi gani, basi waya utabeba askari 250 wanaotembea, zaidi ya hapo umejaa. Kwa hivyo wakaamua askari wasitumwe kabisa. Itumwe amri tu.

Chukua bao. Wazee wawili, mmoja yuko Shela mwengine Maweni, kila mmoja ana bao lake mbele yake, mashimo 32, kete 64, zimepangwa sawasawa, wanatajiana kwa simu shimo na upande basi. Hakuna haja ya kuhesabiana kete shimo kwa shimo, kila mtu anasambaza kwenye bao lake na mabao yote mawili yatakuwa sawa mpaka mwisho. Ndivyo Genie inavyofanya: kila kompyuta inacheza vita nzima peke yake, na waya unabeba "hawa waende pale" tu, iwe unawapeleka askari watano au mia, amri ni ileile moja. Muda umekatwa vipande, kama milisekunde 200 hivi kila kimoja, na amri uliyotoa kwenye kipande cha 1000 inatekelezwa kipande cha 1002, ili iwahi kufika kwa wote kwanza.

Sasa utamu na uchungu viko hapa. Kete moja tu ikikosewa, mabao hayapatani tena, na hakuna anayejua mpaka baadaye sana. Paul Bettner na Mark Terrano wa Ensemble waliandika makala 2001, 1500 Archers on a 28.8, wakaeleza kwamba paa mmoja akikaa kando kidogo tu ramani inapoumbwa, anakula majani sehemu nyengine, dakika kadhaa baadaye mwindaji wako anapita njia tofauti au mkuki unakosa, nyama haifiki nyumbani, afu huko mbele gemu nzima imeachana. Ukitafuta kosa linaonekana kwenye nyama, na asili yake ni paa! Mimi nikisoma kitu kama hiki naheshimu sana walioshinda usiku wakisaka tofauti ya namna hiyo.

Muundo huohuo ndo unaeleza mambo mengi ambayo wachezaji wanayaona bila kujua sababu. Rekodi ya mechi ni faili dogo manake ndani mna amri tu, na ukibadilisha toleo la gemu rekodi ya zamani inaweza kukataa. Huwezi kujiongezea dhahabu kwa ujanja kwenye mashine yako maana utaachana na wenzako papo hapo, lakini kufunua ramani yote inawezekana, kwa sababu dunia nzima imo ndani ya kompyuta yako tayari.

Na kwa sisi wa mtandao wa kupanda na kushuka, hili ni la kushika: waligundua wachezaji hawausikii ucheleweshaji wa milisekunde 250, na ukiwa 500 lakini haubadiliki wanauzoea, kinachowakera ni kuruka kutoka 80 hadi 500 na kurudi. Bora pole pole ya kudumu.

Age of Empires II ya 1999 ilijengwa juu ya Genie, Star Wars: Galactic Battlegrounds ya 2001 pia. Ensemble ilifungwa 2009, injini ikabaki. Toleo la HD 2013, 2015 wakaongeza nyongeza ya African Kingdoms, yenye Waethiopia, Wamali, Waberberi na Wareno (Wareno wamo, sisi wa pwani waliotukuta hapa 1498 hatumo, na mimi bado naona tulistahili), afu Definitive Edition 2019, na chini kabisa ya picha zile mpya ni kazi ileile ya amri na vipande vya muda.

Kodi ya Genie haiko wazi, lakini gemu nyengine ya vita, 0 A.D., ilianza 2001 kama wazo la kubadilisha Age of Empires II, baadaye wakajenga injini yao wenyewe, Pyrogenesis, na tangu 2009 kodi yote iko huru. Wao kwenye vita yenyewe wameepuka hesabu za desimali za kawaida za prosesa, wanatumia namba zenye nukta isiyohama, manake mashine mbili tofauti zinaweza kukadiria desimali tofauti kidogo na hapo ndo yule paa anaanza kutangatanga. Ukitaka kujifunza anza na folda yao ya simulation2, ndimo vita yenyewe inamohesabiwa, picha utaziangalia baadaye, na faili la kwanza kufungua ni TurnManager, linalosimamia vile vipande vya muda.