Grafu za kuvuta: wanavyosema watu na ilivyo kweli

"Grafu zinazobadilika ukivuta kitufe ni mambo ya waandishi wa programu." Nami niliamini hivyo, mpaka nilipokikuta kitelezi ndani ya Excel ileile ninayoandikia mahesabu ya kila siku. Kitelezi ni kile kitufe unachokivuta kushoto na kulia, na kazi yake ni moja tu: kuandika namba kwenye kisanduku kimoja cha jedwali. Fomula inaisoma, grafu inafuata. Kero yake ni kwamba hakijui desimali wala hasi. Kinakwenda kwa namba nzima, kuanzia 0 hadi 30,000. Unataka riba ya asilimia 7.25? Kiache kiandike 725, kisanduku cha jirani kigawe kwa 100.

"Zimeletwa na intaneti." Hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanatakwimu John Tukey na wenzake huko SLAC, maabara ya fizikia ya California, walikuwa na programu iliyoitwa PRIM-9: unabonyeza vitufe, data yenye vipimo hadi 9 inazunguka kwenye skrini.

"Vitelezi vikiwa vingi ndiyo grafu inanoga." Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Chukua data ya Old Faithful, chemchemi ya maji moto ya Yellowstone, inayokuja pamoja na R, programu ya takwimu. Ni milipuko 272. Mfupi kabisa una dakika 1.6, mrefu kabisa 5.1. Chora histogramu, yaani grafu ya nguzo inayogawa dakika katika mafungu na kuonyesha kila fungu lina milipuko mingapi, kisha weka kitelezi kimoja tu, cha upana wa mafungu. Ukiacha mafungu mawili mapana, unaona nguzo mbili, moja ndefu kuliko mwenzake, basi. Punguza upana mpaka nusu dakika: vinachomoza vilima viwili, kimoja karibu na dakika 2, kingine karibu na 4.5, katikati bonde. Endelea kupunguza, vilima vinasambaratika na kubaki miiba mitupu. Data haijaguswa hata chembe. Sasa ongeza kitelezi cha rangi, cha unene wa mistari na cha ukubwa wa herufi, uone kama kuna msomaji atakayelikumbuka lile bonde. Atachezea rangi.

"Ikichezeka, haidanganyi." Aliyeitengeneza ndiye aliyepanga kitelezi kianzie wapi na kiishie wapi. Nikifunga upana kati ya dakika 2 na 3, utavuta mpaka uchoke, vilima viwili huvioni. Mimi grafu ya namna hii huanza kwa kuvuta hadi ncha zote mbili, kisha najiuliza kwa nini imeishia hapo.

"Ikifanya kazi kwangu, itafanya na kwake." Hili limeniaibisha. Nilitengeneza vitelezi kwa ipywidgets, zana ya lugha ya programu ya Python, kwenye Jupyter, daftari la kuandikia na kuendeshea Python, nikahifadhi kama faili ya HTML, yaani ukurasa wa wavuti, nikamtumia bosi. Akapiga simu: kitelezi kinatembea, mstari umeganda. Bila Python inayofanya kazi nyuma yake, hakuna wa kukokotoa upya. Vitelezi vya Plotly, zana nyingine ya kuchora grafu, havina shida hiyo, kwa kuwa kila hatua imeshakokotolewa na kuwekwa ndani ya faili. Ila faili inabeba na maktaba yake, yaani msimbo unaoichora grafu, zaidi ya megabaiti 3. Unaweza kuiagiza maktaba hiyo isomwe mtandaoni, faili ikawa nyepesi. Hapo mpokeaji asiye na bando ataona ukurasa mweupe.

Na kama ni grafu yenyewe inayokwamakwama ukivuta, kwenye ipywidgets andika continuous_update=False. Itasubiri uachie kitelezi ndipo ichore.