Kambi ya Watalii Huanzia kwenye Ramani ya Kijiji

Kazi yangu ni kuvisaidia vijiji vya kaskazini mwa Tanzania kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi, na swali ninaloulizwa mara kwa mara na wataalamu wa utalii ni namna ya kuwafanya wananchi waupokee mradi. Swali hilo huja limechelewa, kwa kuwa mradi unaotafutiwa mapokezi umekwisha kuamuliwa mahali pengine.

Kisheria, kijiji hakikunyimwa sauti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, lakini haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Vijiji vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, utaratibu wa vijiji kutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori, uliotokana na Sera ya Wanyamapori ya 1998 na unaotumika katika maeneo kama Burunge, Ikona na Enduimet, navyo huanzia kwenye mkutano mkuu na mpango wa matumizi ya ardhi, ndipo mikataba na wawekezaji ifuate.

Katika kijiji kimoja cha wafugaji tulikuta mchoro wa mshauri aliyetutangulia, ambao ulipendekeza kambi ya mahema kwenye eneo alilolipaka rangi na kuliandika "wazi". Tuliukunja, tukachora upya mavumbini: mawe yakawa maboma, majivu yakawa njia za mifugo, punje za mahindi zikawa visima. Mzee mmoja akauliza ndama watakula wapi. Eneo lile lilikuwa alalili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili kiangazi yawafae ndama na mifugo dhaifu, na mshauri aliliona tupu kwa sababu alifika masika. Wanawake, ambao kwa saa nzima walikuwa wamekaa pembeni kimya, walisogea mchoro ulipokuwa chini, wakaonyesha kwa fimbo kwamba njia yao ya maji ingepita katikati ya mahema. Kambi ilisogezwa ng'ambo ya korongo, ambako, kwa maoni yangu, hata mandhari ni bora zaidi.

Tangu hapo huwa naomba rasimu ya mkataba, ikiwa katika Kiswahili, isomwe kwanza kwenye vitongoji, na mkutano mkuu usipangwe siku ya mnada, maana siku hiyo wafugaji hawapo. Naomba pia muhtasari uandike pingamizi pamoja na majibu yake, jambo ambalo watendaji wengi huliona kama usumbufu. Nimewahi kufungua jalada la mradi nikitafuta ridhaa ya wanakijiji, nikakuta karatasi ya sahihi iliyoambatishwa kama ushahidi wake ni ile waliyosaini wakipokea posho ya chakula cha mchana.