Shada la maua ambalo halikuwahi kuchumwa

Ukitazama mchoro wa maua wa Uholanzi ya karne ya 17, anza na kalenda. Tulipu huchanua majira ya kuchipua, waridi hungoja kiangazi. Leo waridi la Naivasha hufika Amsterdam kwa ndege mwaka mzima, lakini enzi zile kila ua lilikuwa na msimu wake. Kwa hiyo shada unaloliona halikuwahi kuwepo. Mchoraji alichora ua mojamoja lilipochanua, akaitunza michoro hiyo, kisha akayakutanisha yote kwenye turubai.

Aliyenivuta zaidi katika fani hii ni Rachel Ruysch, aliyezaliwa 1664. Baba yake, Frederik, alikuwa mtaalamu wa anatomia na mimea, na nyumba yao ilijaa wadudu, mifupa na viumbe waliohifadhiwa. Mwaka 1717 mkusanyo huo ulinunuliwa na Peter Mkuu wa Urusi. Ndiyo maana siridhiki na wanaomweleza kiwavi katika michoro ya Ruysch kuwa ni ukumbusho wa kifo tu. Maana hiyo ipo, sikatai, ila binti huyu alikua akiwachunguza wadudu kwa macho ya kisayansi.

Mbona maua? Wanawake walizuiwa kujifunza kwa kuchora miili ya watu walio uchi, na bila mafunzo hayo ilikuwa vigumu mno kuchora matukio ya historia na dini, yaliyohesabiwa kuwa sanaa ya juu kabisa. Mlango wa maua ulikuwa wazi. Ruysch aliuingia akiwa na miaka 15, mwanagenzi wa mchoraji wa maua Willem van Aelst. Akazaa watoto kumi na hakuacha brashi. Mwaka 1708 akateuliwa mchoraji wa mtawala Johann Wilhelm wa Düsseldorf, Ujerumani ya leo, na alipofika miaka ya themanini bado alikuwa akichora.

Sasa tazama mimea yenyewe. Tulipu ilitoka himaya ya Waosmani, yaani dola ya Waturuki, na bei yake ilipanda kupita kiasi hadi ikaporomoka Februari 1637. Ile michirizi ya rangi kwenye petali za tulipu, iliyowatia watu wazimu, ilisababishwa na virusi vinavyoenezwa na vidukari. Baadaye yakaingia kwenye shada maua ya Amerika, yaliyoletwa na meli za biashara na kukuzwa katika bustani za matajiri na wataalamu. Biashara hiyohiyo ndiyo iliyowapeleka Waafrika utumwani katika mashamba ya miwa ya Suriname, koloni la Uholanzi huko Amerika Kusini.