Kabla ya kukata tiketi ya gofu jangwani, uliza mbegu zinamwagwa lini

Kazi yangu ni kupanga safari za wachezaji gofu, na wengi wanaonijia siku hizi wanataka kwenda jangwani: Arizona, Palm Springs, Las Vegas au Dubai. Karibu wote huanza kwa kuuliza habari za joto. Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa mjini Phoenix, Arizona, wastani wa joto la mchana mwezi Julai hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na mwaka 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika nyuzi 43 au zaidi. Hata hivyo, joto kila mtu analiona kwenye simu yake. Kinachoharibu safari bila kuonekana ni kalenda ya nyasi.

Viwanja vya majangwa ya Marekani kwa kawaida vina nyasi za Bermuda, ambazo hustawi kwenye jua kali lakini huacha kukua usiku unapokuwa wa baridi, zikageuka rangi ya majani makavu. Bahati mbaya, kipindi hicho cha baridi ndicho msimu wenyewe wa wageni. Kwa hiyo, kati ya Septemba na Oktoba, watunza viwanja hupunguza maji, hukata Bermuda hadi karibu na udongo, kisha humwaga juu yake mbegu za raigrasi, nyasi inayobaki kijani wakati wote wa baridi. Mbegu hizo hunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku na hazitakiwi kukanyagwa, ndiyo maana uwanja hufungwa kwa wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Unapofunguliwa bado si wa kawaida: vigari vya kubebea wachezaji haviruhusiwi kutoka kwenye njia yake ya lami, ardhi ni tepetepe, na maeneo ya mashimo huachwa na nyasi ndefu kidogo, hivyo mpira huviringika polepole.

Somo hili nililipata kwa aibu. Mwanzoni mwa kazi hii nilipeleka kikundi Arizona katikati ya Oktoba, nikijisifu kwamba joto limepungua na bei bado haijapanda. Tulipofika uwanja wa pili, vinyunyizio vilikuwa vikizunguka juu ya ardhi ya kahawia, na harufu ya nyasi zilizokatwa imetanda hadi maegeshoni. Mzee mmoja katika kundi letu alishika uzio, akatazama kwa muda, kisha akaniambia, “Mwanangu, nimevuka bahari kuja kuangalia watu wakilima?” Uwanja wenyewe haukuwa na kosa, kwa sababu tarehe hizo hutangazwa mapema na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo huuliza kila uwanja tarehe ya kumwaga mbegu na tarehe ambayo vigari vitaruhusiwa kuingia kwenye nyasi, na ni baada ya hapo ndipo ninapozungumza na shirika la ndege. Chaguo langu ni katikati ya Novemba, au Machi na Aprili kwa asiyejali bei.

Jambo la pili ni umbo la viwanja. Arizona ilipitisha sheria ya maji ya ardhini mwaka 1980, na masharti yaliyotokana nayo yakabana ukubwa wa eneo linaloweza kupandwa nyasi. Wasanifu waliitikia kwa kuacha jangwa liwe jangwa na kutandika nyasi mahali pa kupigia na mahali pa kuangukia mpira tu. Anayepinda mpira kulia kila mara atausikia ukigonga mawe. Kabla ya kuanza, soma kanuni za uwanja kwenye kadi ya kuandikia alama. Ikiwa jangwa limewekewa vigingi vyekundu, ni eneo la adhabu: unaongeza pigo moja na kudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovukia mpaka, hata kama hukuuona tena, mradi una hakika uliingia humo. Pasipo vigingi, una dakika tatu za kuutafuta, na ukiupata chini ya kichaka, urefu wa fimbo mbili huenda ukakupeleka kwenye kichaka kingine. Nawashauri wateja wachukue fimbo moja ya chuma iliyochakaa kwa ajili ya mawe, na kitana cha plastiki, kwani vipande vya mpungate uitwao cholla hunasa kwenye soksi na kuvitoa kwa vidole ni kuhamishia miiba mkononi.

Umbali unaofikiwa na mpira nao hubadilika ndani ya siku moja. Hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya nyuzi 5, kwa hiyo fimbo iliyotosha alfajiri itapitiliza mchana. (Unyevu wa hewa hauna athari kubwa, ingawa wachezaji wengi wataapa kinyume chake.) Ukavu wa hewa ya jangwani nao hukausha jasho kabla hujalihisi. Ukiona duara jeupe la chumvi kwenye kofia, tayari umechelewa kunywa maji.

Kwa wanaokwenda Desemba, hesabuni saa za mwanga. Phoenix jua hutua kama saa 11:20 jioni, na asubuhi za baridi kali mchezo huweza kucheleweshwa hadi umande ulioganda uyeyuke, maana kukanyaga nyasi zilizoganda huziua. Mzunguko wa mashimo 18 huchukua saa nne na nusu hivi, kwa hiyo sikubali nafasi ya kuanza inayopita saa 6 mchana. Wanaochagua Machi hupata mwanga mrefu zaidi, lakini ndipo nyoka wenye njuga mkiani wanapoanza kutoka, na mpira ulioingia kwenye tundu au chini ya jiwe nawaomba wauache hapo hapo.