Kwa nini mstari mmoja wa msimbo humchukua mwanagenzi wiki mbili

Kila likizo ndefu ya vyuo inapokaribia, timu yetu hupangiwa mwanagenzi wa uhandisi wa programu, na mimi ndiye huamua atafanya nini. Wenzangu wengi hupendelea kumpa mradi wa pembeni, tuseme dashibodi ya takwimu za matumizi, ili asiguse kitu kinachotumiwa na wateja. Hofu yao naielewa. Ila dashibodi za namna hiyo hufa mara tu mwenyewe akisharudi chuoni, maana hakuna aliyeziomba. Na mwanafunzi huondoka akiwa amefanya kile kile alichozoea darasani: kuanza na faili tupu. Kazini faili tupu ni nadra. Unaingia kwenye msimbo ulioandikwa na watu wengine kwa miaka, unaubadilisha, na watu wanaendelea kuutumia huku unaubadilisha.

Kwa hiyo mimi hutoa hitilafu halisi iliyo ndogo kwa sura. Ninayoipenda kuliko zote ni ya orodha ya oda. Programu inaonyesha oda za mteja, 20 kwa kila ukurasa, mpya zikitangulia. Mteja analalamika kwamba oda aliyoiona ukurasa wa kwanza imejirudia ukurasa wa pili, na nyingine haionekani kabisa.

Mwanafunzi makini huipata sababu siku hiyo hiyo. Oda zinapangwa kwa muda ziliposajiliwa, na zile zilizoingizwa kwa mkupuo kutoka kwenye faili zina muda mmoja hadi sekunde. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, haiahidi mpangilio wowote kati ya rekodi zilizolingana kwenye kigezo cha ORDER BY, yaani agizo la kupanga. Hifadhidata iko huru kuzitoa kwa mpangilio huu sasa hivi, na mwingine dakika inayofuata. Dawa ni kuongeza namba ya oda kama kigezo cha pili, kwa kuwa namba haijirudii. Mstari mmoja, ananiambia, kazi imekwisha, nipe nyingine.

Haijaisha. Namwambia kwanza aonyeshe jaribio linaloshindwa kabla ya marekebisho na kufaulu baada yake. Hapo wengi hukwama, kwa sababu hifadhidata ndogo ya kwenye laptopu mara nyingi hutoa rekodi kwa mpangilio ule ule kila ukiiuliza, hivyo jaribio linapita hata msimbo ukiwa mbovu. Jaribio ambalo hujaliona likishindwa halijakuambia kitu. Kisha aendeshe git blame, amri ya kufuatilia asili ya kila mstari, kwenye mstari huo ajue nani aliuandika, lini, na alikuwa anatatua nini. Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, mradi wenye watu wengi wasioonana, na chuoni wanafunzi huitumia kama stoo ya kutunzia kazi tu. Kumbe ndani yake mna historia ya sababu, ikiwa walioandika walijali kueleza.

Halafu kazi inakwenda kupitiwa na wenzake, na kuna atakayeuliza: je, oda mpya ikiingia wakati mteja bado anasoma ukurasa wa kwanza? Hili ni swali zuri kweli. Ukurasa wa pili unapatikana kwa kuiambia hifadhidata iruke rekodi 20 za mwanzo, yaani OFFSET 20. Oda mpya ikiingia juu, zote zinasukumwa chini hatua moja. Ile ya 20 inakuwa ya 21, na mteja anaiona tena, hata kama mpangilio wenyewe sasa ni thabiti. Lalamiko lilikuwa moja, hitilafu zilikuwa mbili.

Njia ya kutoka ni kuacha kuhesabu. Badala ya kuruka 20, programu inakumbuka oda ya mwisho iliyoonyeshwa na kuomba 20 zinazoifuata kwenye orodha, kwa kulinganisha na muda wake na namba yake. Lakini gharama yake ni kwamba mteja hawezi tena kubofya ukurasa wa 9 moja kwa moja. Atasonga mbele na kurudi nyuma tu. Je, kuna anayeruka kurasa? Jibu halimo kwenye msimbo. Lazima akamuulize anayesimamia bidhaa, na akaangalie logi, yaani kumbukumbu za yale yaliyotendeka kwenye programu.

Kisha faharasa, ile inayoiwezesha hifadhidata kupata rekodi bila kupekua jedwali zima. Mpangilio wa vigezo viwili unataka faharasa ya safu mbili, la sivyo jedwali kubwa litachelewesha kila ombi. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, CREATE INDEX ya kawaida, yaani amri ya kutengeneza faharasa, inaacha watu wasome lakini inazuia kuandika kwenye jedwali hilo hadi imalizike. Kwa jedwali la oda maana yake ni kwamba hakuna anayenunua. Ipo CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii uandishi, ila ni ya polepole zaidi na haikubali kuendeshwa ndani ya muamala, yaani kundi la amri zinazofaulu zote au kufutwa zote. Zana nyingi za kubadilisha muundo wa hifadhidata hufunga kila badiliko ndani ya muamala, basi amri inakataa na mwanafunzi anakaa akishangaa.

Kuhusu maoni ya wapitiaji: wanagenzi huyasoma kama alama za mtihani. Ukaguzi wa msimbo ni desturi ya zamani, Michael Fagan wa IBM aliuandikia utaratibu rasmi mwaka 1976, na kinachokaguliwa ni msimbo, si mtu. Jibu kila hoja: nimebadilisha, au sijabadilisha kwa sababu hii. Usipojua uzito wake, uliza: hili linazuia kazi isiingie, au ni pendekezo? Na zana za akili bandia sizikatazi. Zitakuandikia ule mstari upesi sana. Ninachodai ni uweze kuutetea mwenyewe mbele ya mpitiaji.

Kazi ikikubaliwa inaingia ikiwa nyuma ya swichi, yaani mpangilio wa kuiwasha au kuizima bila kubadilisha msimbo. Inafunguliwa kwa watumiaji wachache, logi zinatazamwa, ndipo wanaongezwa. Hatua hii haina msisimko, na sina la kuongeza.

Wiki ya mwisho sitaki mwanagenzi aanze kitu kipya, hata akiomba. Aifute swichi pamoja na njia ya zamani ya msimbo, afunge matawi ya Git (nakala za pembeni za msimbo) aliyoyaacha wazi. Na pale pale juu ya msimbo wa orodha aandike kwa nini kurasa hazina namba tena, kwa sababu haitapita muda mrefu kabla ya mtu kutaka kuzirudisha.