Utumbo mpana uliotanuka: daktari anautambuaje tumbo likishafunguliwa?

Mgonjwa kaletwa kutoka Mbagala, tumbo limejaa siku ya tatu, hapati choo wala hatoi hewa. Tumbo linapofunguliwa, kinachochomoza kwanza ni kitu kinene, kimekaza kama tyubu ya bodaboda iliyojazwa upepo kupita kiasi. Je, huo ni utumbo gani? Swali linaonekana la kitoto, lakini utumbo mwembamba uliovimba sana unaweza kudanganya.

Utumbo mpana una alama zake: vijinyama vya mafuta vinavyoning'inia, na mikanda mitatu ya misuli inayopita kwa urefu. Mikanda hiyo ni mifupi kuliko utumbo wenyewe. Fundi wa Kariakoo akitia lastiki kwenye kiuno cha sketi, kitambaa hujikunja marinda. Ndivyo utumbo mpana unavyopata vifuko vyake. Sasa vuta lastiki hadi mwisho: marinda yanapotea. Ukitanuka mno, vifuko hufutika na mikanda husambaa, karibu isionekane. Hapo daktari huufuata utumbo kwa mkono hadi kwenye kidole tumbo, ambako mikanda yote mitatu hukutana.

Kwa vipimo vya picha, utumbo mpana wa mtu mzima ukizidi sentimita 6 umetanuka. Sekamu, yaani mwanzo wake, huhesabiwa kuanzia 9. Ikifika 12 hali ni ya hatari, kwa kuwa penye upana mkubwa ndipo ukuta huvutwa zaidi, hata kama presha ya ndani ni ileile kote. Ndiyo maana kizuizi kikiwa chini kabisa kushoto, panapopasuka huweza kuwa kulia, kwenye sekamu. Rangi nayo husema: waridi yenye kung'aa inatia moyo, kijivu au nyeusi isiyong'aa ni nyama inayokufa.

Chanzo kinaweza kuwa utumbo uliojisokota, uvimbe, au kinyesi kilichoganda. Kwa mtoto kuna ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, na huu ndio ninaouona mjanja kuliko yote. Sehemu iliyovimba ndiyo yenye seli za neva, imetanuka kwa kusukuma. Mgonjwa hasa ni ile sehemu nyembamba ya utumbo mpana iliyo chini yake, isiyo na seli hizo, ingawa inaonekana ya kawaida tu. Kwa hiyo kabla ya kukata sehemu hiyo na kuunganisha utumbo, vipande vidogo vya ukuta hupelekwa maabara, ili ijulikane seli hizo zinaanzia wapi.